Mbwa mwenye nasaba apumua kwa taabu

Ukimwambia mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, au wa Lamu ambako punda na paka ndio wenyeji, kwamba ulimwenguni kuna mbwa ambaye nasaba yake imeandikwa kitabuni, baba kwa babu hata vizazi kumi nyuma, huenda akadhani wamfanyia mzaha. Nasaba kwetu ni jambo la watu. Kuna majumba yaliyohifadhi silsila zao kwa wino, na kuna koo zijuazo hata leo zilitoka mji gani wa Hadhramaut. Mbwa ni mbwa tu, na apitapo karibu na baraza hufukuzwa asije akagusa kanzu ya mtu aliyekwisha tia udhu.

Lakini kitabu hicho kipo, na si cha jana. Mwaka 1859 katika mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, yalifanywa mashindano ya kwanza ya mbwa yanayojulikana, na washindi walizawadiwa bunduki. Zawadi hiyo yaonyesha kuwa mashindano yale yalikuwa bado ni ya wawindaji, watu waliomtaka mbwa kwa kazi yake. Mwaka 1873 kikaundwa London chama kiitwacho Kennel Club, na mwaka uliofuata kikatoa kitabu chake cha kwanza cha nasaba. Baadaye akatokea Bwana Charles Cruft, aliyekuwa akichuma riziki yake kwa kuuza biskuti za mbwa, naye mwaka 1891 akaanzisha London maonyesho yenye jina lake. Maonyesho hayo ya Crufts yaendelea hata leo, siku hizi katika mji wa Birmingham, na watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuyatazama.

Mwenye kuuliza haya yatuhusu nini sisi, ana haki ya kuuliza. Sisi tulio wengi katika pwani hii ni wafuasi wa Imam Shafii, na hukumu ya mbwa twaijua tangu chuoni: chombo akikitia ulimi huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini hukumu ile ni juu ya mikono yetu, nguo zetu na vyombo vyetu. Haikusema kwamba mbwa haumwi wala haoni kiu. Kila mtoto wa madrasa amehadithiwa habari za mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba mchanga kwa kiu, na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe. Na Sura ya Al-Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa. Kwa hiyo mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba ana nafasi yake katika fiqihi. Ambaye sina hakika kama mafakihi wa zamani walipata kumfikiria ni mbwa anayezalishwa ili atazamwe tu, na ambaye umbo lake limegeuzwa kwa makusudi hata hawezi kuvuta pumzi sawasawa.

FAHALI NA BULDOGI

Hebu tumchukue buldogi wa Kiingereza, yule mwenye uso uliobanwa kama aliyegonga ukuta. Zamani huko kwao palikuwa na mchezo wa kikatili: fahali alifungwa kwenye kigingi, akaachiwa mbwa wamrukie puani na kumng'ang'ania. Buldogi alikuwa ndiye mbwa wa mchezo huo. Sheria ya mwaka 1835 ikaupiga marufuku, na mbwa yule akabaki hana kazi. Lau kama angeachwa akapotea ingekuwa basi, lakini watu walikuwa wamemzoea, wakaanza kumfuga kwa sura. Wakakaa wakaandika kipimo cha sura hiyo: kichwa kiwe kikubwa, uso uwe mfupi, kifua kiwe kipana. Na kwa kuwa zawadi humwendea anayekifuata kipimo zaidi ya wenzake, kila kizazi uso ulizidi kufupika na kichwa kuzidi kukua. Picha na mabupuru ya buldogi wa karne ya kumi na tisa yangalipo, na mtu akiyalinganisha na ya leo aona wazi kwamba yule wa zamani alikuwa na pua.

Sasa tazama lililotokea. Mfupa wa uso ulifupika, lakini nyama iliyo ndani haikupungua. Kaakaa laini, ambalo lilikuwa na nafasi yake katika mdomo mrefu, sasa lajikunja na kuning'inia mbele ya koo. Matundu ya pua yamekuwa kama nyufa. Meno yasongamana, macho yatokeza nje hata hupata vidonda, na katika mikunjo ya ngozi ya uso huingia uchafu na maradhi. Mbwa wa namna hii hukoroma akiwa macho. Akitembea kidogo jua likiwa kali huanguka, na wengine hufa. Maana mbwa hana jasho la mwili kama binadamu. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema, na huyu pumzi yake imezibwa.

Kuzaa nako kumekuwa mtihani. Kichwa cha mtoto ni kikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2010, uliotazama uzazi wa mbwa wengi wa jamii mbalimbali, ulikuta kwamba zaidi ya uzazi 80 katika kila 100 wa buldogi wa Kiingereza na wa yule mdogo wake wa Kifaransa ulikuwa kwa kisu cha daktari. Yaani mnyama ambaye hawezi tena kuzaa mwenyewe isipokuwa apasuliwe! Ng'ombe wa Tana River huzaa njiani akiendelea na safari, na paka wa Lamu huzaa juu ya dari bila ya mtu kujua.

La ajabu zaidi ni kwamba wenyewe wawapendao hawalioni. Mwaka 2012 wachunguzi wa chuo cha madaktari wa wanyama cha London waliwauliza wenye mbwa ambao tayari walikuwa wamethibitika kuzibwa pumzi, na 58 katika kila 100 walisema mbwa wao hana tatizo lolote la kupumua. Anakoroma tu, walisema, ndivyo walivyo. Neno hilo "ndivyo walivyo" ndilo linaloumiza. Hawakuwa hivyo, walifanywa hivyo.

KITABU KILICHOFUNGWA

Sura ni nusu moja ya habari. Nusu ya pili ni damu, na hapa sisi watu wa pwani twaweza kuielewa kuliko wengi. Kitabu cha nasaba kikishafungwa, hakuna mbwa wa nje anayeruhusiwa kuingia. Waliomo huozana wao kwa wao milele. Tena, dume akishinda Crufts kila mtu hutaka mbegu yake, hata baada ya miaka michache watoto wengi wa jamii hiyo ni wajukuu zake. Sheria yetu imeruhusu binamu na imeharamisha ndugu. Wafugaji hawa walimpandisha dada kwa kaka na binti kwa baba, wakaiona kuwa ni njia njema ya kuidumisha sura iliyoshinda. Kennel Club ilikuja kukataa kuandika watoto wa uzazi wa namna hiyo mwaka 2009 tu.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo cha Imperial, London, waliyachambua madaftari ya jamii kumi za mbwa. Walikuta kwamba bokseri wapatao 20,000 wa Uingereza, ukitazama urithi walio nao, ni sawasawa na mbwa 70 tu. Pagi, yule mdogo mwenye uso mweusi uliokunjamana, 10,000 wao walikuwa kama mbwa 50. Kwa macho ni mji mzima, kwa damu ni nyumba tatu nne. Ugonjwa mmoja uliojificha kwa babu ukiingia humo haupati pa kutokea.

Mwaka huohuo, tarehe 19 Agosti, televisheni ya BBC ilionyesha filamu iliyotengenezwa na Bibi Jemima Harrison kuhusu mambo haya, na Waingereza, watu wanaojisifu kwa kupenda wanyama, walipigwa na bumbuazi. Waliwaona mbwa wadogo wa jamii ya Cavalier King Charles, wenye masikio marefu ya hariri, wakijipinda na kulia kwa maumivu kwa sababu bupuru la kichwa ni dogo kuliko ubongo uliomo, na ubongo wasukumwa kuingia katika uti wa mgongo. Wakaonyeshwa vilevile kwamba mbwa mwenye maradhi hayo alishinda zawadi na akaendelea kuzalishwa. Juu ya hayo, jamii hiyo ina ugonjwa wa moyo, na wachache sana hufika miaka kumi bila ya moyo kutoa sauti isiyo ya kawaida.

Filamu ile ilizungumza pia juu ya mbwa mwenye asili ya huku kwetu Afrika. Mbwa wa Wakhoikhoi, kusini mwa bara, walikuwa na mstari wa manyoya mgongoni yaliyolala kinyume. Walowezi wakawachanganya na mbwa wao, na mwaka 1922 huko Bulawayo wakaandika kipimo cha mbwa waliyemwita Rhodesian Ridgeback. Mstari ule ndio ukawa alama ya uungwana wake. Basi ikawa mtoto anayezaliwa bila mstari, mzima wa afya, huuawa, na kanuni za chama chao Uingereza zilikuwa zikiwataka wafugaji wafanye hivyo. Wataalamu walikuwa wamekwisha gundua mwaka 2007 kwamba jeni inayoleta mstari ndiyo inayomweka mbwa katika hatari ya tundu la uti wa mgongo, ugonjwa anaozaliwa nao. Yaani waliokuwa wakiuawa ndio waliokuwa salama.

Ghadhabu ilikuwa kubwa. BBC, iliyokuwa ikitangaza Crufts kwa miaka mingi, iliacha kuitangaza mwaka 2009. Profesa Patrick Bateson wa Cambridge aliteuliwa kufanya uchunguzi, na ripoti yake ya Januari 2010 haikuwaonea haya wafugaji. Kennel Club ikavipitia upya vipimo vya jamii zote. Mwaka 2012, kwa mara ya kwanza, washindi wa jamii 15 zilizotiliwa shaka walilazimika kupita mbele ya daktari wa wanyama kabla ya kuthibitishwa. Sita walianguka mtihani, na buldogi alikuwa mmojawapo. Wenye mbwa hao walilia machozi wakasema wamedhulumiwa.

HABARI YA MBWA WA MADOADOA

Kati ya visa vyote hivi, kimoja chastahili kuelezwa kwa kirefu. Ni cha mbwa wa Dalmatia, yule mweupe mwenye madoadoa meusi ambaye watoto wengi wamemwona katika filamu. Mbwa wa jamii nyingine nyingi huigeuza asidi ya yuriki mwilini ikatoka na mkojo bila ya shida. Mbwa wa Dalmatia wa damu safi, wote bila ya kubakisha, walikuwa na kasoro katika jeni moja, nayo asidi ile hubaki nyingi katika mkojo na aghalabu hugeuka vijiwe kibofuni. Dume hupata taabu zaidi kwa kuwa njia yake ni nyembamba. Kijiwe kikiziba, mnyama hufa kwa uchungu asipopata daktari upesi.

Mwaka 1973 mtaalamu wa urithi huko Marekani, Daktari Robert Schaible, alifanya jambo jepesi sana. Alichukua mbwa mmoja wa uwindaji wa jamii ya Pointer, ambaye hana kasoro hiyo, akamchanganya na mbwa wa Dalmatia mara moja tu. Baada ya hapo kila kizazi alikirudisha kwa Dalmatia wa damu safi, akiwachagua wale waliorithi jeni nzima. Baada ya vizazi vitano mtu hakuweza kuwatofautisha na wengine kwa macho: madoadoa yaleyale, umbo lilelile, ila mkojo ulikuwa safi. Mwaka 1981 chama cha Marekani kikawaandika wawili kitabuni.

Wanachama wakaja juu. Damu imechafuliwa, walisema. Mlango ukafungwa, na ukakaa umefungwa miaka 30. Mwaka 2008 jeni yenyewe ilipopatikana kwa hakika, hapakuwa tena na hoja ya kwamba dawa haijulikani. Uingereza ilimwandika wa kwanza wa ukoo huo mwaka 2010, jike aitwaye Fiona, naye akaonekana Crufts mwaka 2011 huku wengine wakinung'unika. Marekani nayo ikafungua mlango mwaka huohuo. Kufikia hapo yule Pointer alikuwa babu wa zaidi ya vizazi kumi. Ni kama nyumba inayomkataa mkwe mwema, mwenye afya na adabu, kwa kuwa wamesikia babu yake wa kumi alitoka upande usiojulikana. Sitaji mtaa, lakini msomaji wa pwani hahitaji kwenda Marekani kuyaona hayo.

Katika miaka ile 30, mbwa wangapi walizaliwa na vijiwe vyao ambavyo vingeweza kuepukika? Hakuna aliyewahesabu.

WAARABU NA SALUKI

Wako watakaosema kuwa hii ni akili ya Kizungu tu. Si kweli. Waarabu walihifadhi nasaba za wanyama kabla ya Newcastle kujua mashindano, na saluki, mbwa mwembamba wa mbio, ndiye aliyeheshimiwa hata akatengwa na mbwa wengine na kulazwa hemani. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 869, katika kitabu chake juu ya wanyama alitia mjadala mrefu kati ya mwenye mbwa na mwenye jogoo. Na Ibn al-Marzuban wa Baghdad katika karne ya kumi aliandika kijitabu kizima cha kuwafadhilisha mbwa juu ya wengi wa wale wanaovaa nguo! Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini hatujasikia kuwa alikufurishwa.

Tofauti ni kwamba saluki wa jangwani alipimwa kwa mbio na pumzi. Asiyeweza kumfukuza sungura au paa hakuachwa azae, hata akiwa mzuri vipi. Kazi ndiyo iliyokuwa hakimu, nayo haidanganyiki. Mambo huharibika pale hakimu anapokuwa jicho na zawadi.

Wala tusijitakase kupita kiasi. Farasi wa Kiarabu, fahari ya Waarabu, naye amepatwa. Katika ukoo wake mna ugonjwa wa kuzaliwa bila ya kinga ya mwili, na mtoto anayerithi kasoro hiyo kwa baba na mama hufa kabla ya kutimiza miezi sita. Kipimo cha kuujua kipo tangu mwaka 1997, kwa hiyo leo mtoto akifa kwa ugonjwa huo ni kwa uzembe wa mwenye farasi. Na katika maonyesho ya urembo ya siku hizi wako madaktari walioanza kulalamika juu ya nyuso zilizobonyea kupita kiasi. Ni njia ileile ya buldogi.

Kwa insafu yafaa kusema kuwa wafugaji si watu waovu wote. Wengi huwapima mbwa wao jeni, macho na nyonga kabla ya kuwapandisha, na mbwa wanaowaongoza vipofu hutoka katika mikono ya watu kama hao. Tena kitabu cha nasaba chenyewe chaweza kuwa chombo kizuri mno cha kuufuata ugonjwa ulikotoka, maadamu magonjwa nayo yanaandikwa humo na si ushindi peke yake. Kwa maoni yangu kosa halikuwa kukiandika, bali kukifunga.

Serikali nyingine zimechoka kungoja. Uholanzi tangu mwaka 2019 imeweka kipimo: mbwa ambaye pua yake haikufika theluthi ya urefu wa kichwa haruhusiwi kuzalishwa. Norway chama cha kuwatetea wanyama kilikwenda mahakamani, na Januari 2022 mahakama ya Oslo ikaamua kwamba kuwazalisha buldogi wa Kiingereza na Cavalier ni kuvunja sheria ya wanyama. Rufani ilipokatwa, wafugaji wa buldogi waliponea, lakini Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ikathibitisha hukumu juu ya Cavalier. Kuwafuga waliopo hakukukatazwa. Kuwazalisha kwa desturi ya zamani ndiko kulikokatazwa.

Na soko je? Soko halisomi hukumu. Mwaka 2022 buldogi mdogo wa Kifaransa alikuwa ndiye mbwa wa nasaba aliyeandikwa zaidi ya wote Marekani, akampindua Labrador aliyekuwa juu kwa miaka 31. Picha zake zimefika Dubai na zimefika Nairobi, ambako East Africa Kennel Club huwa na maonyesho yake, na vijana wa Nyali nao wameanza kuulizia bei. Suala la kuuza na kununua mbwa lina hukumu yake kwetu, na hilo twawaachia masheikh. Lakini hata aliye na ruhusa au asiyefuata madhehebu yetu, na afikirie hewa ya Mombasa mwezi wa Februari, jua likiwa utosini na unyevu umejaa. Mbwa hujipoza kwa kukausha mate ulimini, na hewa iliyojaa maji haikaushi kitu. Mashirika mengi ya ndege yamekataa kuwasafirisha mbwa hawa wenye pua fupi kwa kuogopa watakufa njiani.

Wakati huohuo koko wa Kongowea, asiye na baba anayejulikana, pua ndefu, mkia juu, amelala kivulini chini ya mkokoteni. Adhuhuri ikipita ataamka, ajinyooshe, aende zake sokoni kutafuta chakula.